Upenyo wa Zawadi

Lori la kwanza lilipita chini ya Tao saa moja kasoro dakika nne asubuhi, na kama kawaida halikupunguza mwendo. Lilikuwa limebeba chumvi. Mwanga wa bluu ulilipitia kuanzia bampa hadi mkiani kwa sekunde moja na nusu, kisha likashika barabara ya Kyaka na kupotea. Dereva hata hakugeuza shingo. Sikumlaumu, maana hakuna dereva wa umri wake aliyewahi kusimama hapa mpakani Mutukula.

Nilikuwa juu, kwenye chumba cha wakaguzi, napuliza chai na kuwaza meno ya mwanangu yaliyokuwa yanaota. Karani akakohoa. Karani ni mashine, hana koo, lakini waliomtengeneza walimpa kikohozi kidogo cha kutangulizia habari mbaya. Katika miaka sita ya kufanya naye kazi nilikuwa nimekisikia mara mbili tu.

"Mkaguzi Advera, umeamkaje?"

"Salama. Sema."

"Mnyauko mweusi umethibitishwa kwenye kibanja cha migomba cha Ta Byabato, kilima cha Ibare. Mashina kumi na moja."

Chai ilinimwagikia magotini na sikuisikia. Mzee huyu ni jirani yangu. Kati ya nyumba yangu na migomba yake kuna ua wa minyaa tu, na ua wenyewe una tundu ambalo mbuzi wake hulitumia kuja kunila mchicha.

Ambaye hakukulia kwetu anaweza kudhani huu ni ugonjwa wa mimea na yaishe. Nilikuwa darasa la nne mnyauko mweusi ulipopita kaskazini. Niliona watu wazima wamekaa vibarazani wanatazama migomba iliyolala chini kama ngano iliyokanyagwa, na hakuna aliyepika. Kwetu ukila wali na nyama ukashiba, bado utaulizwa kama umekula, maana chakula ni ndizi.

"Chanzo?" niliuliza.

"Siku kumi na tisa zilizopita Ta Byabato alinunua miche arobaini iliyopita hapa kwa lori la Ushirika wa Kyalubanda, upande wa pili wa mpaka. Mimi mwenyewe niliisoma miche ile nikaiona safi. Lakini hakuna njia nyingine inayojulikana. Uwezekano ni asilimia themanini na tatu. Hukumu ninayopendekeza ni kuufungia Ushirika wa Kyalubanda njia ya Tao kwa miaka mitano, na migomba yao yote ichomwe. Njia iliyobaki iendelee kuwa wazi. Nahitaji muhuri wako na wa Mkaguzi Kizza."

Chini, lori la maziwa lilipita, halafu la nondo, halafu mawili ya unga wa ndizi.

"Kabla ya muhuri, sheria inanitaka niulize," Karani akaendelea kwa sauti yake ile ile ya mhudumu wa posta. "Je, kuna kitu chochote kilichopita kwenye Tao hili bila kusomwa?"

Nilikiweka kikombe mezani.

"Hukumu inatoka saa ngapi?"

"Saa sita kamili mchana."

"Basi niulize saa sita."

*

Jibu lilikuwa ndiyo. Kilikuwepo, na aliyekipitisha ni mimi.

Bibi yangu alizoea kusimulia jinsi malori yalivyolala Mutukula siku tatu, nne, wakati mwingine wiki, nyanya zikioza upande huu huku watu wa upande ule wakizitafuta kwa tochi. Nchi Sita zilipoungana kuwa soko moja, foleni hazikuisha siku hiyo hiyo. Kila nchi iliogopa wadudu wa mwenzake, magonjwa ya mwenzake, bidhaa feki za mwenzake, na kila moja ilikuwa na haki ya kuogopa. Yaliyomaliza foleni ni Matao tisa, moja kila mpaka mkubwa. Tao linanusa shehena, linapima mvuke wa kila jani, linahesabu vimelea kwenye tone la jasho la ng'ombe. Kwa kuwa Tao haliogopi wala halipendelei, nchi ziliacha kuogopana. Kiwanda cha unga kikaja, chuo kikaja, na hospitali niliyojifungulia ikaja. Pale sokoni ukawekwa Ubao wa Ukuaji unaoonyesha kila asubuhi uchumi wetu umekua kwa kiasi gani, na kina mama wanaouza nyanya huusoma kwa sauti kisha wakaulizana kwa kejeli kama umeshakua vya kutosha kuwatengenezea choo.

Lakini Tao halikuelewa mche wa mtoto.

Kwa watu wetu, pande zote mbili za mpaka, mtoto akizaliwa shangazi au bibi wa ukoo humletea mche wa mgomba kutoka kwake au kwa ndugu zake. Huubeba mikononi, umefungwa kwa majani makavu, na hauwekwi chini mpaka ufike. Udongo wa nyumbani haukung'utwi mizizini, wala hakuna anayefungua furushi kuchungulia kabla ya kuupanda. Kuchungulia ni sawa na kumkagua mgeni mfukoni. Mgomba huo ndio wa mtoto, na ndizi zake za kwanza ndizo chakula chake cha kwanza kigumu.

Mwaka wa pili wa kazi yangu Tao lilimpigia king'ora bibi wa miaka themanini aliyekuwa na furushi kifuani. Askari walimtaka aliweke chini. Akakataa. Walimnyang'anya, udongo ukamwagika kwenye lami, na yule bibi akapiga magoti akaanza kuuzoa kwa viganja huku malori yakimpita kwa kasi pembeni. Nililia kazini siku ile, mbele ya watu. Wiki hiyo hiyo niliandika mstari mmoja wa amri ndani ya programu ya Tao: mtu wa zaidi ya miaka sitini, anayepita kwa miguu, mwenye furushi moja mikononi, asomwe uso tu. Sikumwambia mtu. Nilijitia hamnazo na nikajipongeza kimoyomoyo kwa kuipiga chenga sheria isiyo na adabu.

Miezi mitano iliyopita nilimzaa Kemilembe. Shangazi yangu, Ma Paskazia, akaja kutoka Ntungamo, ng'ambo ya mpaka, alikoolewa, na furushi mikononi.

*

Nilifika nyumbani saa tatu. Shangazi alikuwa uani, amempakata Kemilembe, anamwimbia. Alikuwa amerudi tangu Jumapili kunisaidia malezi.

"Mbona umerudi, waitu? Umeugua?"

Sikujibu. Nilichukua kisu cha jikoni, nikapita nyuma ya nyumba hadi kwenye mgomba wa mwanangu. Ulikuwa umefika kifuani kwangu, majani mapana, kijani safi. Kwa dakika nzima nilijisikia mpumbavu na mwenye furaha. Kisha nikaona jani la chini kabisa. Ukingo wake ulikuwa umepinda na kuungua.

Nilichoma kisu kwenye shina nikakata kipande. Maji ya njano yakatoka, mazito, na katikati ya nyama nyeupe palikuwa na mistari myeusi ikipanda juu.

Ndipo nikakumbuka panga. Wiki sita nyuma niliazima panga la Ta Byabato nikauondolea mgomba huu majani makavu, nikalirudisha jioni ile ile kupitia kwenye lile tundu la mbuzi. Sikulipitisha kwenye moto. Mimi, niliyesimama mbele ya watoto wa shule tatu na kuwaimbisha kwamba panga lisilopita motoni halipiti shambani. Lakini ule ulikuwa mgomba wa mwanangu. Nani anafikiria kuukinga ulimwengu na mgomba wa mwanawe?

"Advera." Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu, mtoto begani. Hakuhitaji kuambiwa. Amelima migomba kwa miaka hamsini. "Kwa hiyo ni mimi."

"Hapana, Shangazi."

"Mimi ndiye niliyeubeba. Kwenye basi mpaka mpakani niliupakata, hata maji sikunywa ili nisiushike kwa mkono mmoja." Alimvuta mtoto karibu. "Nimemletea mtoto maradhi kwa mikono miwili."

"Ulipita kwenye mlango niliouacha wazi mimi. Shangazi, nisikilize. Kule kwako Ntungamo, kuna migomba imeanza kupinda majani?"

"Mitatu. Nilidhani ni jua."

Nilikaa chini pale pale kwenye majani. Kumbe chanzo hakikuwa Kyalubanda hata kidogo. Chanzo kilikuwa kilomita mia mbili kutoka huko, kinaendelea kuota kimyakimya, na saa sita mchana Karani angechoma migomba ya watu mia sita wasio na kosa, kisha akatangaza kwamba hatari imekwisha.

"Nikisema ukweli," nilimwambia Shangazi, "Tao litafungwa siku arobaini, ndiyo sheria kitu kikipita bila kusomwa. Malori yote. Wiki ijayo Baraza la Nchi Sita linapigia kura Matao mapya matatu, na wapo wanaosubiri kosa moja tu ili waseme Nchi Sita zivunje hata haya tuliyo nayo. Kazi yangu imekwisha, hilo dogo. Na upenyo wa zawadi za watoto utazibwa, hautafunguliwa tena."

"Na usiposema?"

"Kyalubanda wataungua."

Alimhamisha mtoto bega. Nilimtazama nikitaka aniambie la kufanya, kama alivyoniambia nilipokuwa msichana na nilipokuwa naolewa. Hakuniambia. Aliniuliza tu kama nina mfuko wa karantini ndani ya gari, ule wa njano unaozibwa, na nilipomletea aliuchukua bila kuniangalia usoni.

*

Saa tano na nusu Kizza alikuwa ananisubiri katikati ya daraja la wakaguzi, juu kabisa ya mstari wa mpaka. Kizza Ssemwanga ni mkaguzi wa upande wa pili, mtu mrefu mwenye Kiswahili cha kitabuni kilichopigwa pasi. Kwa miaka sita tumegawana mihogo ya kuchoma na kulaumiana kwa mvua.

"Nimekwisha kutia muhuri wangu, nnyabo," alisema. "Umebaki wako."

"Umetia muhuri watu wa Kyalubanda wachomewe? Kizza, dada yako analima kule."

"Ninajua anakolima dada yangu."

"Si wao. Ni mche wa mwanangu, ulioletwa kutoka Ntungamo."

Aliangalia chini. Lori la madawa lilipita, mwanga wa bluu ukatupaka nyuso.

"Mimi nimeuona mstari wako siku nyingi sana, Advera. Unadhani sisi huku hatusomi? Niliuona nikaupenda, nikanyamaza." Alishika chuma cha daraja. "Sasa unisikilize. Kyalubanda ni watu mia sita. Nitahakikisha wanalipwa fidia, wanapewa miche mipya, wananung'unika mwaka mmoja, wanasahau. Lakini hili likifungwa? Hospitali yenu inapata damu kutoka kwetu kila siku. Kiwanda chetu cha chanjo kinakula umeme wenu. Siku arobaini si siku arobaini. Kila serikali itakumbuka kuogopa. Leo watafunga kwa sababu ya mgomba, kesho kwa sababu ya kuku, mwakani kwa sababu ya uchaguzi. Tutarudi kulala barabarani."

Niseme kweli, hoja yake iliniingia. Hakuwa mwovu. Alikuwa akisema yale ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeyasema garini kwa sauti, tangu nyumbani mpaka pale.

"Na Ntungamo?" nikauliza. "Chanzo kiko kule."

"Tutatuma watu kimyakimya."

"Kwa kibali gani? Tukimdanganya Karani kwamba chanzo ni Kyalubanda, kila anayetaka kupima Ntungamo ataambiwa hakuna sababu. Mnyauko utakuwa na njia yake, na sisi tutakuwa walinzi wake."

"Huo ni uwezekano tu."

"Usiniletee uwezekano! Nimeshika maji yake kwa kidole."

Kizza alinigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa na hasira. "Ni rahisi kwako. Wewe utasema, utajisikia msafi, utarudi kwako. Anayeshinda njaa foleni ikirudi si wewe!"

"Kilichowafanya watu wakubali Tao ni nini, Kizza? Si kasi. Kasi ilikuja baadaye. Walikubali kwa sababu halidanganyi. Leo tukilifundisha kudanganya kwa faida ya wengi, kesho watalitumia kwa faida ya wachache, na haki ya kulalamika hatutakuwa nayo. Kyalubanda waliingia kwenye hili soko kwa sababu waliambiwa watapimwa kama wengine. Basi wapimwe."

Kutoka darajani niliuona Ubao wa Ukuaji juu ya mapaa ya soko, namba yake ya asubuhi ile ikiwaka kijani. Ilikuwa namba nzuri. Nikaingia chumba cha wakaguzi, Kizza nyuma yangu, tukasimama mbele ya kioo cha Karani.

*

Saa sita kamili Karani alikohoa.

"Wakaguzi, hukumu iko tayari. Mkaguzi Advera, nauliza kwa mara ya mwisho. Je, kuna kitu chochote kilichopita kwenye Tao hili bila kusomwa?"

"Kipo," nikasema.

Sauti yangu ilitoka ndogo mno, nikadhani haikusikika. Kwa hiyo nikarudia, nikaeleza yote: mstari, mche, panga, migomba mitatu ya Ntungamo. Nilipomaliza, magurudumu yalikuwa bado yanapita huko chini.

"Asante," alisema Karani. "Hukumu ya Kyalubanda imefutwa. Timu ya upimaji inaelekea Ntungamo. Tao linafungwa sasa."

Mwanga wa bluu ukawa mwekundu. Sijawahi kuona rangi ile hapo kabla, na nadhani hakuna aliyewahi. Lori lililokuwa linakuja lilifunga breki kwa kelele, na nyuma yake jingine, na jingine, mpaka mlio ukaishia mbali kilimani. Halafu pakawa kimya. Dereva wa kwanza aliteremka, kijana wa miaka ishirini na kitu, akasimama kando ya tairi bila kujua mikono yake aiweke wapi.

"Kuna jambo moja zaidi," alisema Karani. "Mstari wako ulisoma nyuso, na nyuso zimehifadhiwa. Waliopita na mafurushi ni elfu moja mia moja arobaini na wawili, kwa pande zote mbili. Kila mche lazima ung'olewe na kuchomwa. Nitahitaji muhuri wenu kwa kila jina."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Katika yote niliyoyapima tangu asubuhi, hilo halikunipitia kichwani. Elfu moja mia moja arobaini na wawili. Nilijiona nikigonga kila mlango, shoka mkononi, na nyuma ya kila mlango mtoto na mgomba wake.

Majina yalianza kushuka kwenye kioo, kuanzia siku ile mche wangu ulipovuka. Kizza alikuwa amesogea karibu yangu ili asome. La kwanza lilikuwa Paskazia, la Shangazi. La pili lilikuwa la mwanamke mmoja wa Masaka aliyevuka kutoka kwetu kurudi kwao, baada ya mazishi ya dada yake, furushi kifuani.

"Huyo ni mama yangu," alisema Kizza. "Mche ni wa mwanangu wa kiume. Uko mbele ya dirisha langu."

Basi ndivyo alivyoujua mstari wangu. Yeye alikitazama kile kioo, akafuta uso kwa kiganja, kisha akaweka kidole chake kwenye jina la mama yake na kutia muhuri. Mimi nikatia kwenye la Shangazi.

Tulipoinua macho, watu walikuwa wameanza kushuka kwenye malori na kusimama barabarani wakituangalia. Katikati yao alikuwa anakuja Shangazi yangu kwa miguu. Kemilembe alikuwa mgongoni, amefungwa kitenge. Mbele, mikononi, Shangazi alikuwa amebeba mfuko wa njano uliozibwa, mrefu, umejaa. Alikuwa ameung'oa mgomba peke yake, mizizi na udongo wote, na alikuwa anaubeba vile vile alivyouleta. Madereva wakampisha bila kuambiwa.

Niliteremka ngazi mbio. Kizza alinifuata. Tanuri la karantini liko upande wao, hatua thelathini kupita mpaka.

Shangazi alisimama kwenye mstari wa mpaka. Jasho lilimchuruzika, lakini mfuko hakuuweka chini.

"Nimpe nani?" aliuliza.

Kizza alivua kofia, akapiga goti kama watu wa kwao wanavyopokea kitu kwa mkubwa, akanyoosha mikono yote miwili.

"Nipe mimi, mama," alisema. "Kisha twende tukachukue wa kwangu."